Mimea ya Asili ya Pemba Imebaki Wapi?

Assalaam aleikum wazee wangu, kina mama, na nyinyi vijana.

Wengi hapa Tanga tuna ndugu Wete, Konde au Mkoani, na kila arudiye kutoka Pemba husifu ukijani wake. Leo tuutazame vizuri. Mkarafuu kwao ni visiwa vya Maluku, huko Indonesia. Mwembe ulitoka Bara Hindi. Kimbunga cha 1872 kilipoangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikawa ndiyo shamba kuu la karafuu, na vilima vyenye rutuba vikafyekwa.

Miti ya asili ikabaki pale jembe liliposhindwa. Nendeni Ngezi, kaskazini-magharibi, msitu uliohifadhiwa tangu 1959. Humo mna mpapindi, jamaa ya mpopoo: mashina membamba yanachipuka mengi pamoja, yana pingili za duara, na matunda yakiiva ni mekundu. Hauoti kwa asili mahali pengine popote duniani. Sababu ni huu mkondo wa bahari tunaouvuka kwenda huko. Kina chake kinafika mita 800 hivi. Zamani za barafu bahari ilipopungua, Unguja iliungana na bara. Pemba ikabaki peke yake.

Ukiuacha msitu mrefu ukashika upande wa pwani, miti inafupika ghafla. Unakanyaga mchanga ambao mvua imeuchuja hata hauna mbolea. Mkulima hapati kitu hapo, lakini kimesimama kichaka kiitwacho kitaalamu Erica mafiensis, chenye vijani vidogo vyembamba kama sindano. Jamaa zake wengi hukaa milimani kwenye baridi, nacho kiko karibu na mawimbi! Mafia pia kipo. Mimi kila nikikiona hustaajabu upya.

Mashariki, Kiuyu, ni nchi ya maweni, na pori lake limeshika mizizi katika nyufa za matumbawe. Mikoko nayo inajulikana, sitaisemea sana.

Ninachokiogopa ni hili neno "ardhi mbovu". Likishatamkwa, watu huona ruhusa ya kuchota mchanga, kuvunja mawe na kuchoma chokaa. Ardhi hiyohiyo ndiyo iliyobeba mimea ambayo vilima vimeipoteza. Nikiulizwa nguvu za hifadhi zianzie wapi, nasema Ngezi, pamoja na ule mchanga wake, kisha Kiuyu.