Shusha Ufunguo, Mama

Hamjambo akina mama. Asanteni wanachama wa chama cha hapa South B, Nairobi, kwa kunialika. Mmetaka niwaambie ni nyimbo gani za Kizungu zinazomfaa mwanamke wa makamo kwenye karaoke. Acheni nianze na aibu yangu mwenyewe.

Nilipotimiza miaka hamsini, mashoga zangu walinipeleka kilabu fulani huko Ngong Road. Nikapanda na “I Will Always Love You”, ule wa Whitney Houston wa 1992. Mwanzo wake hauna ala. Nikaumudu, nikajiona malkia. Kisha muziki ukanyamaza, ngoma ikapigwa mara moja, puu! Wimbo ukapanda toni nzima, yaani muziki wote ukahamia juu. Mimi nikabaki chini, na kilichonitoka kilikuwa kilio cha mbuzi. Didjei akanihurumia, akapunguza maiki. Huruma hiyo iliniuma kuliko kicheko.

Nilichagua kwa koo la zamani, la kwaya ya shule. Hedhi ikishakoma, homoni hupungua, nyuzi za sauti zinaweza kunenepa kidogo, na sauti ikashuka. Mnajijua. Wako humu walioanza kanisani wakiwa soprano, leo wamekaa alto wakisingizia kwamba soprano hakuna viti.

Basi sikieni hadithi ya mashine yenyewe ya karaoke, maana dawa imo humo. Mwaka 1971 huko Kobe, Japani, palikuwa na mpiga muziki wa vilabu, Daisuke Inoue. Wateja walimpenda kwa sababu alijua kuwafuata: mtu akichelewa anamngoja, akiimba chini naye anashuka. Mteja mmoja, mwenye kampuni, akataka amsindikize safarini. Inoue hakuweza kwenda, akamrekodia kanda ya muziki uliopimwa kwa sauti yake. Hapo ndipo wazo lilipotoka. Aliunda mashine kumi na moja, hakuzisajili hataza, na utajiri ukaenda kwa wengine. Neno karaoke maana yake okestra tupu, isiyo na mtu. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza muziki ulikuwa unamfuata mwimbaji! Mama anayeona haya kumwambia didjei “nishushie mbili” hajui haki yake. Mwambie. Kitufe cha kushusha ufunguo, yaani kimo cha sauti ya wimbo, kipo. Ukishushiwa nusu toni mbili tu, wimbo uliokunyonga jana leo unateleza kama bamia.

Tukirudi kwa wimbo wangu wa aibu, ujaribuni kwa njia ya mwenyewe. Dolly Parton ndiye aliyeutunga, ukatoka 1974, akimuaga mwenzake wa kazi Porter Wagoner. Wake ni mpole, na kuna ubeti anausema tu, hauimbi. Mwanamke wa miaka hamsini na tano anayeongea taratibu kwenye maiki, ukumbi wote hunyamaza.

Na huyo huyo Dolly ndiye mwenye “Jolene”, wa 1973. Hapa nina ugomvi naye kidogo. Mimi mtoto wa Mombasa, nimelelewa na taarabu. Kwetu mpango wa kando hupigwa mipasho mpaka ahame mtaa. Dolly anambembeleza! Anamsifu nywele, anamsifu macho, anamwomba asimchukulie mume. Lakini ndiyo sababu unaimbika: jina moja linarudiwa, na maumivu yake hayahitaji mtu apige kelele. Usiuimbe ukitabasamu, tafadhali.

Kwa anayetetemeka, nampa “I Will Survive” wa Gloria Gaynor, wa 1978. Ulitolewa upande wa pili wa sahani, kama kitu cha ziada tu, madidjei ndio waliougeuza. Muziki wake ni mzunguko mmoja unaojirudia mwanzo hadi mwisho, beti na kiitikio ni njia ile ile, hivyo hakuna shimo njiani. Hatari iko mlangoni tu: mistari ya kwanza haina mdundo, na wengi hukimbia. Tazama maneno kwenye skrini yakibadilika rangi, usitazame watu.

Sauti ikiwa imekwaruza kabisa, msihuzunike. Bonnie Tyler alifanyiwa upasuaji wa vinundu kooni miaka ya sabini, akatoka na mkwaruzo ule ule uliompa “Total Eclipse of the Heart” mwaka 1983. Tafuteni tu mwanamume wa kujibizana naye, na muulize didjei kwanza kama ameweka toleo fupi. Refu linakaribia dakika saba, chakula kitapoa.

Wenye kuogopa mchungaji, Boney M waliimba “Rivers of Babylon” mwaka 1978, na maneno yake mengi ni Zaburi ya 137. Nani atawalaumu?

“Dancing Queen” wa ABBA sitaki kumwona mama akiuimba peke yake. Unaanza na kiitikio, tena katikati yake, na kabla hujapata pumzi umepitwa. Unamhusu binti wa miaka kumi na saba; mkiwa watano mnamgawana, kila mmoja anabeba miaka mitatu na ushee. Mashine hii nimeiazima, ina maiki mbili, kwa hiyo watano wa kwanza mbanane. Mama mweka hazina, njoo mbele, wewe ni alto. Nakushushia mbili.