Figo chini ya hewa: tunavyozilinda katika upasuaji wa matundu madogo

Habari za asubuhi, ndugu madaktari, wauguzi na wanafunzi wetu.

Nianze na hali mnayoifahamu. Mgonjwa amelala, tumbo limejazwa hewa, kamera iko ndani, na muuguzi anasema: "Daktari, saa nzima mfuko wa mkojo haujaongezeka." Mnafanya nini? Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa nafungulia dripu ikimbie. Wengine huchoma Lasix, dawa ya kuongeza mkojo. Leo nawaombeni tutulie kwanza, tujiulize figo imepatwa na nini.

Ili daktari apate nafasi ya kuona na kukata, tumbo hujazwa kabonidayoksaidi hadi shinikizo la milimita 12 hadi 15 za zebaki. Mtu mwenye afya akilala ametulia, shinikizo la tumbo lake halizidi 5 au 7 hivi. Sasa fikirieni vena inayotoa damu kwenye figo: kuta zake nyembamba, msukumo wake mdogo. Hewa huibana, damu hutoka kwa shida, na ile inayotaka kuingia hukosa njia. Wakati huohuo damu inayorudi moyoni inaweza kupungua. Mwili nao, kama vile umepoteza damu, humwaga homoni za kubana mishipa na kuzuia maji: renini, aldosteroni, vasopresini. Figo mbili zilizozoea kupokea karibu sehemu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo, ghafla zinapunguziwa. Mkojo lazima upungue! Kwa mwenye figo nzima, hewa ikishatolewa, mkojo kwa kawaida hurudi wenyewe.

Kwa hiyo mkojo mchache, hewa ikiwa bado tumboni, peke yake hauthibitishi kwamba mgonjwa amepungukiwa maji. Ukimmiminia lita juu ya lita, atafika wodini amevimba, na utumbo wake utachelewa kuamka. Lasix itajaza mfuko, lakini haipeleki damu kwenye figo. Dopamini ya dozi ndogo, dawa ya dripu ambayo wakubwa wetu waliiamini sana kwa kulinda figo, ilipimwa Australia na New Zealand, matokeo yakachapishwa 2000: haikuzuia figo kufeli.

Lakini msiondoke hapa mkaanza kumnyima mgonjwa maji. Utafiti wa 2018 ulifuatilia wagonjwa karibu 3,000 wa upasuaji mkubwa wa tumbo. Waliobaniwa maji, asilimia 8.6 figo zao ziliumia. Waliopewa zaidi, asilimia 5.0. Mgonjwa aachwe anywe maji matupu hadi saa 2 kabla ya kupewa dawa ya usingizi. Kumfungisha tangu usiku ni kumleta mezani akiwa tayari amekauka, na jambo hilo linaniuma kila ninapoliona.

Tiba ya kwanza ya hewa ni hewa yenyewe: punguzeni shinikizo lake. Mwambie mpasuaji, bila kuona haya: "Tunaweza kushuka hadi 10?" Ikiwa bado anaona vizuri, jaribuni 8. Misuli ikilegezwa vya kutosha, tumbo hutanuka kwa shinikizo dogo. Wastani wa presha ya damu (MAP) usiachwe chini ya milimita 65 za zebaki, na aliyeishi na presha ya juu miaka mingi huenda akahitaji zaidi ya hapo. Upasuaji ukirefuka na figo zilikuwa dhaifu tangu mwanzo, toeni hewa dakika chache, kisha mwendelee.

Halafu dawa. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni hufunga mlango uleule ambao figo huutegemea damu inapopungua. Kuongeza antibiotiki ya jentamaisini juu yake kwa mzee mwenye kisukari ni kumtwisha mzigo wa pili.

Kreatinini, taka ya damu inayochujwa na figo, hupanda kwa kuchelewa, kwa hiyo ya siku ya upasuaji isiwatulize. Pimeni tena kesho yake na keshokutwa, mkilinganisha na ile ya kabla ya upasuaji. Ikipanda mikromoli 26.5 kwa lita ndani ya saa 48, figo imeumia, hata kama mgonjwa anatembea wodini na anauliza ataruhusiwa lini.