Turubai la Banda la Kuku Msilitupe

Ugonile Mbeya! Kamwene Iringa! Njombe na Songwe, sijawasahau. Leo niko Zürich, Uswisi, na baridi imenibana mpaka masikio, kwa hiyo tutaongelea humu humu ndani.

Angalieni hili begi. Ngoja nilisogeze kwenye kamera. Mnaiona hii michubuko? Hili ni turubai la lori, lile lile la kufunikia mzigo. Mkanda wa begani ni mkanda wa kiti cha gari, na hapa pembeni palipopindwa ni tyubu ya baiskeli. Walioanza kushona mabegi haya ni ndugu wawili, Markus na Daniel Freitag, mwaka 1993, hapa hapa mjini. Walitaka begi la kubebea kazi zao kwenye baiskeli bila kulowa, na malori yalikuwa yanapita mbele ya nyumba yao kutwa. Leo begi la namna hii likiwa jipya linauzwa zaidi ya faranga 200. Pigeni hesabu kwa shilingi, halafu mkae chini. Langu nimenunua mtumba, msianze kunitumia meseji za kuomba hela.

Sasa mimi nimekulia Uyole. Malori ya Tunduma nimeyahesabu utoto wote. Baba yangu mdogo aliendesha njia hiyo, na turubai lake lilipochoka likaishia kwenye banda la kuku la bibi.

Nilipokuja likizo nikakata kipande. Nikakisugua siku mbili kwa sabuni ya unga, maana ile harufu, jamani! Nikakaa kwenye cherehani ya mama, nikashona begi kwa mishono midogo midogo iliyobanana, nikidhani ndiyo uimara wenyewe. Nikatoka nalo kwa maringo mpaka Mwanjelwa, nikatia viazi. Mkanda ukachomoka pale pale kwenye mshono, umechanika umenyooka kama stempu. Viazi vikaenda zao hadi chini ya bajaji. Mama mmoja muuza nyanya akaniambia, "Pole mwanangu, si ungechukua salfeti tu?"

Aliyeniokoa ni mzee mmoja fundi viatu, anashona katambuga pale pembeni. Akaliokota begi, akacheka, akasema turubai si kitenge. Kitenge ukikichoma sindano, nyuzi zinasogea kisha zinajirudi. Turubai limepakwa plastiki: tundu likishatoboka, limetoboka. Ukitoboa karibu karibu umejichorea mwenyewe mahali pa kuchanikia. Mshono uwe mrefu, kama milimita 4, uzi wa nailoni, sindano nene namba 18. Pini usitumie, bana kwa vibanio vya kuanikia nguo. Likigoma kuteleza kwenye cherehani, weka karatasi juu, shona pamoja nayo, ukimaliza uinyofoe. Na pasi usithubutu! Shikamoo yako mzee, popote ulipo.

Kuna watu wananiambia eti Wazungu wananunua takataka. Wananunua kitu kisicho na pacha. Hawa Freitag wanakata kwa mkono, kwa kiolezo cha plastiki angavu. Mkataji anakizungusha juu ya turubai mpaka herufi au mstari ukae anapopataka. Sisi maandishi tunayageuzia ndani, tunaona aibu. Mbona Iringa hawaoni aibu? Pale Neema Crafts, mafundi wenye ulemavu wanatengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo, na wanakwambia wazi kwamba ni kinyesi cha tembo. Mgeni ananunua kwa sababu hiyo hiyo. Mimi begi langu la pili nimeliachia neno "MZIGO" mbele, nusu limefutika, na huku kwenye tramu nimeshaulizwa mara tatu nimelinunua wapi.

Baba mdogo, najua unatazama. Kile kipande kilichobaki kwenye banda, chenye ule mstari mwekundu, usimpe mtu. Nakuja Desemba, na bati la kuku nitalinunua mimi.