Kabla Hujamshika Mkono

Haya jamani, tukae. Kabla sijasema lolote, mnawaona wale watatu mstari wa mbele, yule wa katikati kaweka mikono yake juu ya mikono ya mwenzake? Msiwakodolee macho, ila msijifanye hamjawaona pia. Wa katikati ni rafiki yangu, haoni na hasikii, na kila ninachosema hapa kinamfikia kupitia mikono. Mwenzake anapiga alama za lugha ya viziwi, yeye anazisoma kwa kugusa. Huyo wa tatu anasubiri zamu, manake kazi hii inachosha akili na inachosha mabega, kila baada ya dakika 15 au 20 hivi wanapokezana. Mkiona nimenyamaza katikati ya maneno mjue wanapokezana na mimi nasubiri. Nimeshaambiwa mara nyingi nisisubiri, eti muda unakwenda. Unakwenda ndio, lakini na yeye kaja kusikiliza kama nyie mlivyokuja.

Nimeitwa niongelee huduma kwa wasioona na kwa viziwi wasioona. Mada ni ndefu. Shirika la Afya Duniani linasema watu wasiopungua bilioni 2.2 wana tatizo la kuona, la karibu au la mbali, na wasiopungua bilioni 1 kati yao tatizo lao lingezuilika au mpaka leo halijashughulikiwa, mtoto wa jicho, miwani tu ya kusomea. Hiyo ni kazi ya siku nzima na wapo wanaoijua kuliko mimi. Mimi nina jambo moja, nimelisema kila nilipopewa kipaza sauti na leo nalisema tena. Mkono wa kiziwi asiyeona sio kitasa cha mlango, kwamba unaukamata unavuta. Ule mkono ndo macho yake, ndo masikio yake, na kwa wengi ndo mdomo wake. Ukiukamata bila kumjulisha umemfunga vyote vitatu kwa mpigo.

Niwasimulie, na mlionisikia siku za nyuma mnivumilie. Ni huyu huyu ndugu, kaniruhusu nisimulie. Miaka kadhaa iliyopita alishikwa na homa na maumivu, tukaenda hospitali, siitaji ni ipi. Mimi nilikuwa mkalimani mwongozaji wake. Mlangoni nikaulizwa, wewe ni ndugu yake? Nikasema hapana, lakini bila mimi hamtaelewana naye. Wakasema ndugu aingie, wengine wakae nje. Akaingia kaka yake. Kaka anampenda kweli kweli, ila alama alizokuwa anazijua wakati ule ni kula, kulala, twende, tulia, basi.

Sasa hebu kaa kwenye kile kitanda wewe. Unajua umefika mahali kuna harufu ya dawa, unajua umekalia kitu cha baridi, basi. Hujui nani kaingia, hujui wako wangapi, hujui mlango uko wapi. Daktari anamuuliza kaka, anaumwa wapi? Kaka anakisia, tumbo. Kipofu anayesikia angalau angedakia, jamani sio tumbo. Kiziwi anayeona angewaona wanavyoelekeza vidole, angekataa kwa kichwa. Yeye hana habari kwamba ameulizwa chochote! Kakaa tu anasubiri. Alafu kutoka gizani na kutoka kimya, mkono unamkamata kiwiko, mwingine unamkandamiza bega, na sindano inaingia.

Akajivuta. Nani hapa asingejivuta? Wakaandika kwenye karatasi zao mgonjwa ni mkorofi, na wakaita wanaume wawili waje wamshike mikono. Wamshike mikono! Yani mtu anayeongea kwa mikono, anayesikia kwa mikono, dawa ya kumtuliza ni kumbana mikono. Alipiga ukelele nikausikia nilipokuwa kwenye benchi nje, na mpaka leo nikisimulia napata shida kidogo hapa kooni.

Kelele ile ndo iliyonifungulia mlango. Nikaingia nikawaomba wamwachie. Nikaweka kiganja changu begani kwake, nikakituliza pale pale, sikugonga wala sikutikisa, nikasubiri ajue kuna mtu. Alafu nikatelemsha mkono polepole mpaka kwenye kiwiko, mpaka mkononi, nikaingiza mkono wangu chini ya mkono wake ili yeye ndo anishike akitaka, na akitaka kuuacha auache. Nikampa alama ya jina langu. Mwili wote ukalegea. Nikamwambia uko hospitali, daktari yuko mbele yako, ni mwanamke, anataka kutoa damu mkono wa kushoto, itauma kama mwiba. Haikufika dakika moja. Akanyoosha mkono wa kushoto mwenyewe. Damu ilipokwisha kutoka akauliza, mbona hakuna aliyeniuliza ninaumwa wapi? Maumivu yalikuwa mgongoni, ubavu wa kulia, kwenye figo. Tumbo halikuwa na kitu.

Najua kuna anayesema moyoni, sasa wale watu hawakuwa na nia mbaya. Sikusema walikuwa nayo. Daktari yule aliniomba msamaha na machozi yakamtoka. Lakini nia nzuri haikumwambia mgonjwa kwamba sindano inakuja! Wasioona wengi mliopo humu mnajua habari ya nia nzuri, umesimama zako kando ya barabara unamsubiri mtu, anakuja msamaria anakudaka mkono anakuvusha, mkifika upande wa pili anasema haya Mungu akubariki anaondoka, na wewe hukuwa unavuka.

Mmecheka. Angalieni mbele hapo, yule wa tatu anamchora rafiki yangu mgongoni kwa vidole, anamwambia ukumbi umecheka. Hayo ya kumpa mtu hali ya chumba kupitia mgongo au goti, nani kacheka, nani katoka, nani anatikisa kichwa, yamekuzwa na viziwi wasioona wenyewe, kundi moja kule Seattle, Marekani, kuanzia mwaka 2007 hivi, walipochoka kuwa wa mwisho kupata habari za chumba walichokaa wao wenyewe.

Na mwingine anasema familia si ipo. Familia ipo, na ibaki familia! Kaka akiwa ndo mkalimani, je kuna siku mgonjwa atamwambia daktari jambo ambalo hataki kaka alijue? Je kuna siku atagombana na kaka? Mtu hawezi kukulalamikia wewe kupitia mdomo wako. Mkalimani mwongozaji ni fani, anafundishwa, anatafsiri maneno, anaeleza mazingira, anaongoza njia, na analipwa, na hachagui lipi lisemwe. Pale ambapo huduma hii inatolewa kwa masaa ya kuhesabu, mtu anakaa anagawa masaa yake, haya ya kliniki, haya ya benki, kuzungumza na rafiki hakubaki kitu. Wewe ungeambiwa una masaa kumi ya kusikia mwezi huu ungeyatumia wapi?

Alafu kuna lile la fomu, hili linanichosha. Fomu ina kisanduku cha asiyeona, ina kisanduku cha kiziwi, wanamwambia weka alama kote kote. Anapelekwa kwenye huduma za wasioona, anakuta kila kitu ni cha sauti. Anapelekwa kwenye huduma za viziwi, kila kitu ni cha kutazama. Anarudi nyumbani. Kinachombeba asiyeona ni masikio, kinachombeba kiziwi ni macho, sasa aliyepoteza vyote utamjumlishiaje? Huu ni ulemavu wake wenyewe, una mahitaji yake, na Bunge la Ulaya lilishatamka hivyo mwaka 2004, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ibara ya 24, unawataja viziwi wasioona kwa jina lao. Na sio watu wachache, Shirikisho la Dunia la Viziwi Wasioona mwaka 2018 lilikadiria kama asilimia 0.2 ya watu wana hali nzito, na ukiweka na wenye hali nyepesi inafika asilimia 2. Hiyo 0.2 peke yake, kwa dunia ya watu bilioni 8, ni milioni 16.

Subirini kidogo, wanapokezana.

Sawa. Kuna swali huwa linakuja kila mahali, mbona nilimwona anasoma simu, huyu si anajifanya? Hapana. Wengi wana mabaki ya kuona au ya kusikia. Kuna ugonjwa unaoitwa sindromu ya Usher, wa kurithi, mtoto anazaliwa na uziwi au usikivu hafifu, alafu anapokua kuona kunaanza kumponyoka, kwanza usiku, alafu pembeni, duara linabana linabana mpaka anaona kama anachungulia kwenye bomba. Ndani ya lile bomba anaweza kusoma ujumbe. Kiti kilichoko mbele ya goti lake hakioni, anakigonga. Kwa hiyo leo unamwona anasoma, kesho unamwona na fimbo, na yote mawili ni kweli, muache kumuita mwongo. Na wazee! Mzee masikio yamepungua, macho yamepungua, familia wanasema amechanganyikiwa, haelewi kitu. Hebu keti karibu yake, mwanga ukumulike wewe usoni, ongea taratibu bila kufoka, uone kama haelewi.

Habari ya Helen Keller, yule mtoto wa Marekani kiziwi asiyeona, mnaijua sirudii, bombani, maji yanamwagika mkononi, akaelewa kwamba kila kitu kina jina, tarehe 5 Aprili 1887. Ila ninyi mnasimulia mambo ya bombani mnaishia hapo. Mimi nawataka mwende kwa Anne Sullivan, mwalimu wake. Yule alifika tarehe 3 Machi, yani mwezi mzima anamuandikia mtoto maneno mkononi kwa herufi za vidole bila dalili ya kueleweka. Na zile herufi za vidole alizijulia wapi? Alisoma shule ya wasioona ya Perkins, macho yake mwenyewe yalikuwa mabovu, na pale shuleni alikuwepo Laura Bridgman, kiziwi asiyeona aliyefundishwa miaka 50 nyuma, akajifunza herufi ili aweze kupiga naye soga. Alafu akakaa na Helen mpaka alipokufa mwaka 1936, hiyo ni miaka 49. Helen alipokuwa chuo cha Radcliffe, mwalimu anafundisha mbele, Anne kakaa pembeni anammiminia mhadhara kiganjani, mpaka akahitimu mwaka 1904. Watu wanasema muujiza. Kulikuwa na mtu kiti cha pembeni kila siku ya masomo! Mpeni kila kiziwi asiyeona mtu kwenye kile kiti alafu mje tuongee habari za miujiza.

Muda umebana, naona mkono wa mratibu, haya niharakishe. Fimbo. Fimbo nyeupe mnaijua, James Biggs wa Bristol aliipaka rangi yake mwaka 1921 ili magari yamwone. Lakini ikiwa na miraba myekundu, katika nchi nyingi maana yake mwenye fimbo hasikii pia, kwa hiyo usimpigie honi wala usimpigie kelele "kulia! kulia!", haisaidii kitu. Njia ya kuongea naye, muulize yeye, wengine alama za mguso, wengine unaandika herufi kubwa kubwa kiganjani kwa kidole, moja juu ya nyingine pale pale, hii kila mtu hapa anaiweza leo hii bila kozi. Na ukiondoka, mwambie unaondoka, usimwache anaongea na hewa, na usimwache katikati ya chumba, mfikishe kwenye ukuta au kiti.

Simu. Eti siku hizi simu inaongea. Inaongea na nani? Asiyesikia anahitaji kile kifaa chenye pini ndogo ndogo zinazopanda na kushuka zikitengeneza nukta nundu, yale maandishi ya kusoma kwa kugusa, chini ya vidole, ni ghali mno kwa watu wengi, na kinamfaa anayejua kusoma nukta nundu tu. Ndo maana nagombana na wanaosema watoto wasioona hawana haja ya kujifunza nukta nundu tena kwa sababu kompyuta inasoma kwa sauti. Louis Braille alikuwa na miaka 15 tu alipozipanga zile nukta sita mwaka 1824, mtoto anazimudu, mfundisheni. Masikio nayo yanaweza kuondoka. Yakiondoka na vidole havijui kusoma, mmemfungia dirisha la mwisho.

Nilikuwa na habari ya Mkataba wa Marrakesh, ule wa kurahisisha vitabu kuwafikia wasioona, na ajira, sitaweza, hizo tutazungumza nje.

Ngoja. Rafiki yangu ananyoosha mkono. Mkalimani ananitafsiria... anasema nimesimulia hospitali yake mara nyingi kuliko yeye mwenyewe, na kuna kipande nimekiacha. Anasema wale wanaume wawili waliombana mikono, mmoja alirudi jioni, akakaa kitandani, akaweka mkono wake chini ya wake kama alivyoniona mimi nafanya, hakujua alama hata moja, akaandika jina lake kiganjani, herufi kwa herufi. Anasema hiyo anataka aisimulie yeye. Naomba kiti kisogezwe mbele, na wakalimani wakae pale anapotaka yeye.