Mtoa sheria humtolea nani?

Ndugu zangu, hili mmeshanisikia nikilisema, na leo nalirudia. Tunasema "mtoa sheria". Kutoa kunahitaji watu wawili. Asipokuwepo wa kupokea, hakuna kilichotolewa.

Hammurabi, mfalme wa Babeli, karibu miaka 3,800 iliyopita alichongesha sheria zake kwenye jiwe jeusi refu kuliko mtu. Wengi wenu mnaishia kwenye jicho kwa jicho. Naomba mwende mwishoni kabisa mwa maandishi yale. Pale anasema aliyedhulumiwa mwenye shauri aje mbele ya jiwe, asomewe, aijue haki yake, moyo wake utulie. Asomewe! Alijua raia wake wengi hawasomi. Na aliandika kwa Kiakadi, lugha iliyosemwa mitaani, wakati Kisumeri ndicho kilichokuwa cha wasomi. Adhabu zake sizitetei. Aliyemtoboa mtumwa jicho alilipa nusu ya bei yake, basi. Lakini Hammurabi alimwona mpokeaji.

Sasa nije kwetu. Mama mmoja alinijia na hukumu ya kesi ya kiwanja chake, kaifunga kwenye pindo la khanga. Karatasi zilishalainika kwa kukunjwa. "Mwanangu, hebu nitazamie, nimeshinda au nimeshindwa?" Yote Kiingereza. Alikuwa ameshindwa, na siku za kukata rufaa zilishapita, hukumu iko pale pale kiunoni mwake. Nilimsomea. Akanyamaza kimya, akaikunja tena vilevile.

Mtaniambia Kiswahili hakina msamiati wa sheria. Jamani! Mahakama za mwanzo zinaamua talaka, mirathi na wizi kwa Kiswahili tangu wengi wenu hamjazaliwa. Mdai, mdaiwa, dhamana, rufaa: nani sokoni hayajui maneno haya? Mwaka 2021 Bunge letu la Tanzania lilikifanya Kiswahili lugha ya sheria na ya mahakama. Nalipongeza kwa dhati. Ila sheria za zamani zilizoandikwa kwa Kiingereza ni rundo, na kila mwaka unaopita kuna mtu anafungwa na maneno asiyoyaelewa.

Nilitaka nimguse na Solon wa Athene, aliyetoa sheria kisha akaondoka nchini miaka 10 asije akashinikizwa kuzibadili. Muda hautoshi. Waandishi wa miswada mliomo humu, nawaombeni jambo moja: kabla muswada haujafika bungeni, msomeeni kwa sauti mama anayeuza nyanya. Akiuliza "maana yake nini?", rudini mkaandike upya.