Theluji Haiyeyuki: Kuiandika Barafu ya Kibo bila Kumpa Mpinzani Fimbo

Mhadhara kwa waandishi wa habari na watangazaji wa redio, Moshi. Umeandikwa kama ulivyotolewa.

Ndugu waandishi, watangazaji, na nyinyi waongoza watalii mliokaa kule nyuma karibu na mlango: wakubwa zangu shikamooni, na wengine habari za asubuhi.

Ubaoni nimeandika maneno manne: "Theluji ya Kilimanjaro inayeyuka." Sentensi hii mmeisoma, mmeiandika na kuitangaza mara nyingi. Ina makosa mawili, na yote mawili ni ya lugha kabla hayajawa ya sayansi. La kwanza ni "theluji". La pili ni "inayeyuka". Kinachobaki ni Kilimanjaro, na hapo angalau tuko salama.

Theluji ni ile inayoanguka usiku, asubuhi Kibo, kilele kirefu kuliko vyote vya Kilimanjaro, ikaonekana kama imemwagiwa unga wa sembe. Jua likiipiga siku chache au wiki kadhaa, imekwisha. Barafu ni kitu kingine. Ni theluji ya miaka mingi iliyolaliana, ikashindiliwa na uzito wake yenyewe mpaka ikawa pande moja gumu. Vitabu vya jiografia vina neno "barafuto". Ukiona litamchanganya msikilizaji, sema "barafu ya kudumu", ingawa huko kudumu siku hizi kuna walakini. (Najua mtaani barafu ni ile ya ubuyu inayouzwa kwenye kifuko. Msikilizaji hatachanganya, msiogope.)

Tofauti hii ina uzito kwa sababu ya simu mnayopigiwa studio. Mmetangaza jana kwamba theluji ya Kilimanjaro inakwisha. Usiku mvua imenyesha, juu ikaanguka theluji, na asubuhi mtu wa Soweto au Majengo anachungulia dirishani anaona Kibo nyeupe tangu kileleni mpaka chini ya kambi ya wapandaji iitwayo Barafu. Anapiga simu: "Mtangazaji, mbona mnatudanganya?" Mtu huyo hana ubishi wa kisayansi. Anatumia neno lenu vile vile mlivyompa, na kwa neno hilo yeye ndiye mwenye haki. Mngesema barafu, mngekuwa na jibu: nyeupe ya leo ni nguo ya kuazima.

Sasa picha, maana hapo ndipo tunapoumia zaidi. Kuna picha mbili za setilaiti ya Landsat ambazo zimezunguka dunia nzima, moja ya tarehe 17 Februari 1993, nyingine ya tarehe 21 Februari 2000. Katika ya kwanza kilele kimejaa weupe, katika ya pili kimebaki na mabaka. Vyombo vingi viliziweka bega kwa bega kama ushahidi kwamba barafu yote ile imetoweka ndani ya miaka saba. Mtu makini angesema: lakini zote ni za Februari, msimu mmoja, kosa liko wapi? Kosa ni kwamba theluji ya Kibo haifuati kalenda, inafuata dhoruba ya mwisho. Februari moja inaweza kuwa imenyeshewa wiki iliyotangulia, na nyingine ikawa imekaa kavu mwezi mzima. Sehemu kubwa ya tofauti mnayoiona katika picha zile ni theluji ya muda. Barafu nayo ilipungua kati ya miaka hiyo, hilo ni kweli, ila kwa kiasi kidogo mno kuliko picha inavyomwambia mtazamaji. Mwezi Machi 2005 gazeti moja la Uingereza lilichapisha kilele kikiwa kitupu na kusema hakijaonekana hivyo kwa miaka 11,000. Barafu ilikuwepo siku ile, na ipo hata leo tunapozungumza.

Mpigapicha atambueje kipi ni kipi? Aangalie kingo. Theluji hufuata mteremko, inaisha polepole kama chumvi iliyonyunyizwa. Barafu ya juu ya Kibo hukatika wima, ukuta unaoweza kufika mita kadhaa au makumi, na unaona kivuli chake. Halafu ajue amesimama wapi. Ukiwa Moshi unaona upande wa kusini, zile barafu zenye majina ya Heim, Kersten, Decken, Rebmann. Pande kubwa kuliko yote lililobaki, lile la Kaskazini, huwezi kuliona ukiwa hapa hata mawingu yafunguke kutwa. Kwa hiyo picha ya kutoka mzunguko wa Mnara wa Saa haiwezi kubeba maelezo kwamba "barafu yote imebaki hivi".

Nimetaja Rebmann. Ni jina la mmisionari Johannes Rebmann. Tarehe 11 Mei 1848 aliuona mlima huu na kuandika kwamba juu kuna theluji. Kiongozi wake wa njia alikiita kile cheupe "baridi" tu, na kwa maoni yangu hiyo ni taarifa sahihi kuliko nyingi tulizoandika baadaye. Huko London, William Cooley, mtaalamu wa ramani za Afrika ambaye hakuwahi kufika huku, alikataa katakata: theluji karibu na ikweta haiwezekani. Habari ya kwanza ya barafu ya mlima huu kuchapishwa Ulaya ilipokewa kwa kukanushwa.

Turudi kwenye neno la pili, "inayeyuka". Kilele kipo mita 5,895, na wastani wa joto la hewa huko ni kama nyuzi 7 chini ya sifuri. Mpinzani, yule anayekanusha ongezeko la joto la dunia, anaishika namba hii na kusema: hewa haifiki sifuri, barafu itayeyukaje kwa joto la dunia? Swali ni zuri. Mkilikwepa mmeshindwa.

Chukua vidonge vya nafthalini, vile vyeupe vya kabatini. Ukiviweka leo, baada ya miezi vimekuwa vidogo, na nguo hazijalowa. Vimegeuka mvuke bila kupitia kuwa majimaji. Barafu katika hewa kavu na jua kali hufanya hivyo hivyo, na sehemu kubwa ya barafu ya tambarare ya juu hupotea kwa njia hiyo. Ila kuna jambo ambalo wengi hulikosea. Kuigeuza kilo moja ya barafu kuwa mvuke kunahitaji nishati kama mara nane na nusu ya kuiyeyusha kuwa maji: kilojuli 2,834 dhidi ya 334. Maana yake ukavu peke yake unaila barafu polepole. Kinachoimaliza ni kukosa nyongeza. Theluji mpya hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga wa jua, kwa hiyo ni kama mwavuli. Misimu ikipita bila theluji ya kutosha, barafu kuukuu yenye vumbi hubaki wazi, na yenyewe humeza mwanga mwingi zaidi. Zile kuta za wima nazo hazishiki theluji hata ikianguka. Jua likizipiga, uso wake unafika sifuri na kuchuruzika, ingawa hewa pembeni ni ya kugandisha. Kwa hiyo kuyeyuka kupo, hasa kwenye kuta, ila injini yake ni mwanga wa jua na uhaba wa theluji zaidi kuliko joto la hewa.

Hayo yamepimwa. Kituo cha kupima hali ya hewa kiliwekwa juu ya pande la Kaskazini mwaka 2000 na mtafiti Douglas Hardy, na vijiti vikachimbiwa barafuni ili kusoma uso umeshuka kiasi gani. Georg Kaser na Thomas Mölg wa Innsbruck, Austria, walichambua hesabu ya nishati. Hoja yao ni kwamba mwishoni mwa karne ya 19, karibu mwaka 1880, hewa ya Afrika Mashariki iligeuka kuwa kavu, kina cha Ziwa Victoria kikashuka, na barafu ya Kibo ikabaki kubwa kuliko mvua iliyokuwa ikiilisha. Hans Meyer, aliyefika kileleni mwaka 1889, aliporudi 1898 alikuta tayari imerudi nyuma. Lonnie Thompson wa Ohio, Marekani, aliyechimba nguzo sita za barafu mwaka 2000, anaweka uzito zaidi kwenye joto. Katika sentimita 65 za juu za nguzo moja alikuta dalili za kuyeyuka ambazo hazionekani chini yake, katika barafu aliyoikadiria kuwa na miaka 11,700. Wanabishana kuhusu sababu. Kuhusu kupungua hawabishani hata kidogo, na hapo ndipo taarifa zinapopindwa: "wanasayansi wanabishana" inakuwa "haijulikani kama barafu inapungua". Mwaka 2007 Kaser na Philip Mote waliandika kwamba Kibo si mfano mzuri wa ongezeko la joto la dunia. Wapinzani waliinukuu makala ile kila mahali, na wakaiacha sehemu inayosema kuwa barafu za mahali pengine zinasinyaa kwa sababu ya joto hilo hilo. Kaser mwenyewe ni miongoni mwa waandishi wa ripoti za IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Mwaka huo huo jaji mmoja wa Uingereza, akipitia filamu ya Al Gore kuhusu joto la dunia iliyopelekwa mashuleni, aliiweka Kilimanjaro miongoni mwa hoja tisa zenye dosari. Alichosema ni kwamba haijathibitika kuwa sababu kuu ni shughuli za binadamu. Kuna waliotangaza kwamba mahakama imesema barafu haipungui!

Namba sasa. Mwaka 1912 barafu ilifunika kilomita za mraba 11.40. Mwaka 2011 zilibaki 1.76. Hiyo ni asilimia 85 ndani ya miaka 99. Nimeona asilimia 85 hiyo ikiandikwa bila mwaka wa kuanzia, na msomaji akaelewa ni ya miaka kumi. Asilimia isiyo na miaka miwili, wa mwanzo na wa mwisho, msiiruhusu ipite dawati la mhariri. Na muulize ni asilimia ya nini: eneo, unene, au ujazo? Kati ya mwaka 2000 na 2007 pande la Kaskazini lilipungua unene mita 1.9 na la Kusini mita 5.1. Picha ya juu haiwezi kukuonyesha hilo.

Na mwaka wa mwisho? Hapa ndipo tulipompa mpinzani fimbo nene kuliko zote. Mwaka 2002 Thompson na wenzake waliandika kwamba, hali ikiendelea vile, barafu itakwisha kati ya 2015 na 2020. "Hali ikiendelea vile" ilibaki kwenye jarida, magazeti yakabeba mwaka tu. Mwaka 2020 umepita. Fanyeni hesabu wenyewe: toa 1.76 kwenye 11.40, gawanya kwa 99, unapata kama kilomita za mraba 0.097 kwa mwaka. Gawanya kilichobaki kwa hiyo, unapata miaka 18, yaani 2029. Mstari ulionyooka ndio huo. Lakini barafu yenye kuta huliwa pembeni, na kadiri inavyokuwa ndogo urefu wa kingo zake hupungua, kwa hiyo eneo linalopotea kila mwaka nalo hupungua. Mstari unapinda. Waliopima upya mwaka 2011 walisema ya tambarare inaelekea kwisha karibu 2040, na ni vigumu kuona yoyote baada ya 2060 hali ikibaki ilivyo. Andikeni miaka hiyo pamoja na sharti lake. Ripoti ya IPCC ya 2007 iliwahi kusema barafu za Himalaya zitatoweka ifikapo 2035, na Januari 2010 ikabidi wakiri kosa hadharani. Sentensi moja katika maelfu ya kurasa, na bado inatajwa.

Kuhusu maji nitakwenda haraka. "Barafu ikiisha, Mto Pangani utakauka" si kweli. Chukua kilomita za mraba 1.76, jalia nusu mita ya unene inapotea kwa mwaka: hazifiki mita za ujazo milioni moja, na sehemu yake imepaa kama mvuke. Ukanda wa msitu una kama kilomita za mraba 1,000. Jalia milimita 1,500 tu za mvua, unapata bilioni moja na nusu. Chemchemi na mifongo yetu, ile mifereji ya jadi, inalishwa na msitu. Moto ule wa Oktoba 2020 ulioteketeza uoto wa mlima ulikuwa habari ya maji kuliko barafu yote iliyobaki, na wengi waliuandika kama habari ya utalii.

Sasa mzee mmoja ameleta swali la maandishi: tukisema Kibo ina sababu zake, si tunawasaidia wanaokanusha? Hapana, mzee wangu. Kibo ni shahidi mzuri wa mvua na unyevu, na huo ukavu wenyewe una uhusiano na mwenendo wa Bahari ya Hindi. Ila msimwachie shahidi huyu athibitishe joto la dunia nzima peke yake. Wapo mashahidi wengine. Barafu ya Lewis, Mlima Kenya, iko chini ya mita 5,000, huyeyuka kweli kweli, na imepoteza sehemu kubwa sana tangu ipimwe mwaka 1934. Duniani kote, ukiacha yale mapande mawili makuu ya barafu ya Greenland na Antaktika, barafuto zilipoteza wastani wa tani bilioni 273 kwa mwaka kati ya 2000 na 2023. Mpinzani akikushika na Kibo, mpeleke huko.

Na wewe dada wa redio umeuliza mtamweka nani studio. Mkimweka mpimaji wa barafu mmoja na mkanushaji mmoja, msikilizaji atadhani wanasayansi wamegawanyika nusu kwa nusu. Waiteni wawili wanaobishana kuhusu ukavu na joto. Ubishi huo upo, na una ladha.

Sentensi ya ubaoni naifuta. Badala yake: "Barafu ya Kibo imepungua kwa asilimia 85 kati ya 1912 na 2011, hasa kwa sababu theluji mpya haitoshi kuilinda na jua." Ni ndefu, najua, mhariri atalalamika. Kwa picha ya kesho, fikeni mapema, saa 12 na nusu asubuhi kabla mawingu hayajapanda, simameni pale pale mlipopiga mara ya mwisho, na chini ya picha muandike tarehe, saa, upande wa mlima, na siku ngapi zimepita tangu theluji ianguke. Hilo la mwisho waongoza watalii watawaambia. Wanashuka kila siku.