Usiniandike Chini ya Yule

NAMBOZO: Wasikilizaji, hamjambo. Mimi Nambozo niko Mbale, mashariki mwa Uganda, mwenzangu Baluku yuko Kasese, magharibi. Kaka, leo naomba nianze na mama mmoja ambaye jina lake na kijiji chake sitavitaja.

BALUKU: Anza, dada.

NAMBOZO: Udongo uliporomoka Bulambuli tarehe 27 Novemba 2024. Siku chache baadaye nilikwenda kujitolea, nikapewa kazi ya kuandika majina ya waliopoteza nyumba. Nimeketi darasani, daftari mbele yangu, safu ya kwanza imeandikwa "mkuu wa kaya". Akaja mama, mtoto mgongoni, matope yamemkaukia magotini. Akainama, akaninong'oneza: "Dada, usiniandike chini ya yule." Yule alikuwa amesimama mlangoni.

BALUKU: Mume wake.

NAMBOZO: Mama alikuwa amemkimbia miezi miwili kabla, kwa sababu ya kipigo, akaenda kukaa kwa kaka yake. Nyumba ya kaka ikaondoka na udongo. Sasa wako shule moja, na daftari langu linawahesabu kaya moja, turubai moja.

BALUKU: Ukafanyaje?

NAMBOZO: Nikamwandika chini ya yule. Msimamizi alisema kaya haigawanywi bila barua ya mwenyekiti wa LC, yaani baraza la kijiji, na mwenyekiti wao siku ile hatukujua yuko hai au la. Nikatii. Sijaisahau sura ya yule mama.

BALUKU: Pole, dada. Nieleze hapo kidogo, maana msikilizaji ambaye hajawahi kulala kambini anaweza kudhani hiyo ni karatasi tu.

NAMBOZO: Kambini orodha ndiyo kila kitu. Unga wa posho, maharage, sabuni, jerikeni, vyote vinaitwa kwa jina lililo juu. Jina likiwa la mwanaume, yeye ndiye anayekwenda kupokea. Akiuza unga njiani, mama na watoto hawali, na mama hana mahali pa kulalamika kwa sababu kwenye daftari amekwisha kupewa. Halafu kuna ardhi. Unakumbuka Nametsi?

BALUKU: Maporomoko ya Bududa, tarehe 1 Machi 2010. Nani asiyekumbuka?

NAMBOZO: Watu waliotoka pale walikaa kambi ya Bulucheke, kisha wengi wakapelekwa Kiryandongo wakapewa ardhi. Baadaye serikali ikajenga nyumba Bunambutye, huku kwetu Bulambuli. Kwa hiyo jina lililoandikwa siku ya tatu ya msiba, mikono ikiwa bado inatetemeka, linaweza kuwa ndilo jina la mwenye shamba miaka ishirini baadaye. Mama aliyekimbia kipigo anarudishwa kwenye kipigo na mstari wa daftari.

BALUKU: Kwetu Kasese, Mei 2020 mto Nyamwamba ulipofurika ilikuwa mbaya kwa namna nyingine. Mto ulikwisha kutupiga Mei 2013, tukadhani tumeujua. Mwaka 2020 ukaichukua tena hospitali ya Kilembe, wagonjwa wakahamishwa. Na tulikuwa ndani ya kufuli la korona! Magari ya abiria yamesimamishwa, boda boda haziruhusiwi kubeba mtu, mizigo tu. Sasa fikiria mwanamke amepigwa usiku, hospitali iliyo karibu imejaa mawe ya mto, na boda ikimbeba inakamatwa. Baadaye familia nyingi zikaishia kambi ya Muhokya, zikakaa pale miaka. Turubai halina ukuta, dada. Jirani anasikia kila kitu. Na nilichojifunza ni kwamba jirani akisikia kila usiku, huacha kusikia.

NAMBOZO: Na wanasema, "Muacheni, amepoteza ng'ombe, akili imeharibika."

BALUKU: Hilo nalisikia sana, na silikubali. Mtu aliyepoteza shamba ana uchungu wa kweli, mimi mwenyewe nina ndugu wa hivyo. Lakini mwanaume huyo huyo asubuhi anapanga foleni kwa adabu, anamwamkia askari vizuri, hampigi mgawaji aliyempunguzia maharage. Akili yake inajua vizuri nani wa kupigwa.

NAMBOZO: Umetaja ng'ombe. Kuna jambo la mahari linanichoma. Mama akikimbilia kwa wazazi, baba anamwambia, "Rudi, nitarudisha ng'ombe gani?" Na safari hii ni kweli, ng'ombe wamefukiwa na mlima. Wazazi wengi hawajui kwamba Mahakama ya Juu ilitoa hukumu Agosti 2015, katika kesi iliyofunguliwa na shirika la MIFUMI la huku mashariki, kwamba kudai mahari irudishwe ili ndoa ivunjike ni kinyume cha katiba. Baba hadaiwi. Narudia kwa wazee wangu wa Bugisu wanaonisikiliza: hamdaiwi kitu. Mpokeeni binti yenu.

BALUKU: Na sheria yenyewe ya ukatili wa nyumbani tunayo tangu 2010. Wengi wanadhani inahusu ngumi peke yake. Inahusu pia matusi, vitisho, na kumnyima mtu mali anayoihitaji ili aishi. Yule anayeuza unga wa mgao, watoto wakalala njaa, sheria inamgusa.

NAMBOZO: Mama anaweza kuanzia kwa mahakama ya LC, au aende kwa hakimu apewe amri ya ulinzi. Polisi nao wana dawati la watoto na familia, na sheria inawataka wamsaidie hata kupata mahali salama pa kulala. Shida ni kwamba mama wa maporomoko hana karatasi hata moja. Kitambulisho kimezama, amri ya hakimu kama alikuwa nayo imezama, na shahidi wake, yule jirani aliyemfungulia mlango usiku, amezikwa.

BALUKU: Amri ya hakimu haifi na karatasi, dada. Nakala iko mahakamani. Aombe nyingine.

NAMBOZO: Asante, hilo ni muhimu. Na aliyebakwa, tafadhali asisubiri kupata fomu ya polisi ndiyo aende kituo cha afya. Dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi lazima ianze ndani ya saa 72. Barabara ikiwa imekatika, siku tatu hizo zinaisha hivi hivi.

BALUKU: Ungepewa daftari lile leo, ungeandikaje?

NAMBOZO: Kwanza nisingeuliza mbele ya watu. Ningemwita kila mwanamke pembeni, kila mmoja, ili asijulikane nani ana siri na nani hana. Ningemuuliza: "Ungependa kadi yako iwe peke yako?" Basi. Simuulizi kwa nini, simdai barua. Nyumba tatu zikigeuka kaya nne kwenye hesabu, hilo ni turubai moja zaidi, na nilikuwa na marundo ya maturubai nyuma yangu siku ile.

BALUKU: Lakini watu watadanganya wapate mara mbili. Ndivyo watakavyokujibu.

NAMBOZO: Wapo watakaodanganya. Nakubali kupoteza turubai, kaka. Jambo la pili ni orodha kubandikwa ukutani. Tunabandika majina na namba za hema mlangoni, kila mtu asome, tunasema ni uwazi. Mwanaume anayemtafuta mkewe hana haja ya kuuliza mtu. Na siku ya mgao anajua atampata kwenye foleni, saa fulani. Aliye hatarini achukuliwe mgao wake na mtu anayemwamini, au apewe siku nyingine.

BALUKU: Na choo. Kasese wanawake walikuwa wanaogopa kwenda chooni usiku. Taa moja na komeo la ndani.

NAMBOZO: Komeo, kweli. Wanawake wenyewe ndio hulitaja la kwanza ukiwauliza.

BALUKU: Msikilizaji akiwa na jirani wa hivyo, namba ya Sauti, simu ya msaada, ni 116, haina malipo. Ilianza kwa ajili ya watoto, lakini wanapokea pia habari za wanawake wanaopigwa. Ila usipige simu bila kumuuliza mwenyewe kwanza, kama ni mtu mzima. Gari la polisi likifika bila yeye kujua, yeye ndiye atakayelala na yule mtu usiku huo. Sasa dada, yule mama wako. Usituache hapo.

NAMBOZO: Siku ya nne nesi mmoja aliona mgongo wake akimpima mtoto. Akaja kwangu hakupiga kelele, akakaa, akasema, "Fungua ukurasa mpya." Tukamwandika mstari wake, jina lake, watoto wawili, turubai lake. Jioni ile ile akaondoka na gari lililokuwa linashusha maji, akaenda kwa mama yake mdogo, wilaya nyingine.

BALUKU: Na yule mwanaume?

NAMBOZO: Alikuja asubuhi akaniuliza amekwenda wapi. Nilikuwa na daftari mapajani, nikalifunga. Nikamwambia sijui.